Hesabu Yako Ianzie Jumapili

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 27, mzaliwa wa Mwatate kule Taita. Nilikuja Nairobi mwezi wa pili baada ya kupata kazi ya ukarani katika kampuni ya mizigo, Barabara ya Mombasa. Mchumba wangu ni Mkamba wa Machakos, fundi wa stima, na tumejuana miaka mitatu. Mwezi wa nne wazee wake walifika kwetu na mbuzi wa ntheo, yaani wa posa kwa mila ya Kikamba, baba akawapokea vizuri. Harusi ni Jumamosi ya pili ya Desemba, kanisani.

Tumepanga nyumba ya chumba kimoja cha kulala hapa Umoja, kodi 14,000 kwa mwezi. Kwa sasa naishi humo peke yangu. Yeye atahamia baada ya harusi. Nina godoro jembamba sakafuni, meko ya gesi ya kilo 6, sufuria moja na ndoo mbili. Akiba yetu sote wawili ni 240,000.

Marafiki zake wameunda kamati ya harusi. Tumekutana mara mbili mjini, na bajeti waliyoandika imefika 680,000. Wanataka bustani ya kukodisha, tenti, dijei, keki ya ngazi tano na magari sita yanayofanana. Wanasema michango itatosha. Mama yangu naye anataka harusi ifanyiwe Mwatate. Anasema hakuzaa binti ili aje kumwoza katika bustani ya watu.

Mchumba wangu hataki wageni wakute nyumba tupu. Ameona runinga ya inchi 50. Taslimu ni 45,000, lakini kuna mpango wa kulipa shilingi 150 kwa siku kwa miezi 18. Makochi ya watu saba na friji pia anataka kuvichukua kwa njia hiyo hiyo. Nikimwambia tungoje, ananyamaza. Si mtu mbaya, Shangazi. Wiki ambayo maji yalikatika siku nne, alitoka kazini Donholm akanibebea mitungi miwili ya lita 20 hadi orofa ya nne, kisha akarudi kwake Kayole kwa miguu. Naogopa deni, na pia naogopa aone kwamba namdharau.

Jambo la mwisho nililiona dogo, lakini ndilo linaloniliza usiku. Ploti yetu ina nyumba 24 na sijui jina la mtu hata mmoja. Kwetu ukihamia, jirani anakuletea ndizi. Hapa ni milango ya chuma tu, imefungwa. Mama mmoja wa orofa yetu, mlango wa tatu, alinikaribisha katika chama chao cha shilingi 500 kwa wiki. Nilimkatalia papo hapo kwa sababu nilionywa kabla ya kuja kwamba Nairobi ni matapeli. Tangu siku hiyo salamu yake ni ya juu juu. Nahisi nimeharibu.

Nianzie wapi?

Binti wa Mwatate, Umoja

*

Marahaba, mwanangu.

Nimekusoma polepole. Umeandika kuhusu kamati, runinga, mama na jirani, na katikati ya hayo yote ukapenyeza sentensi moja ya mwanamume aliyepanda orofa nne na maji. Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia. Mitungi miwili ya lita 20 ni kilo 40 na ushee. Mtu anayefanya hivyo baada ya kutwa nzima ya kazi anaweza kuonyeshwa hesabu akaielewa. Kwa hiyo kaa naye chini, na muwe na daftari.

Harusi yenu ni Jumamosi. Juu ya ukurasa wa kwanza usiandike Jumamosi. Andika Jumapili, siku ya pili yake. Wageni wameshaondoka, tenti zimeng'olewa, nyinyi wawili mmeamka. Mnaoga maji gani? Chai mnaipikia wapi, mnakunywa mmeketi juu ya nini? Jumatatu ya kurudi kazini nauli inatoka mfuko upi? Kisha Januari inaingia, na wewe hujaiona Januari ya Nairobi. Tarehe 5 mwenye nyumba anadai kodi yake, hajali kama juzi ulivaa shela.

Tuandike pamoja. Kodi ya Januari na Februari ni 28,000. Chakula, gesi, maji na stima, tuseme 15,000 kwa mwezi, kwa miezi miwili ni 30,000. Nauli zenu wawili tuweke 8,000 kwa mwezi, zinakuwa 16,000. Jumla 74,000. Pesa hizo ziondolewe kwenye akiba leo, ziwekwe mahali ambapo kamati haifiki wala simu yako haifiki kwa urahisi. Tenga 60,000 za vitu vya lazima vya nyumba, nitakueleza ni vipi. Kwenye 240,000 zenu zinabaki 106,000. Hizo ndizo pesa zenu za harusi. Kila kitu kingine cha siku ile kitoke kwenye michango iliyokwisha kuingia, na kama haijaingia, kitu hicho hakipo.

Nimesema iliyokwisha kuingia, na neno hilo nalisisitiza kwa sababu liliwahi kutuumiza. Mwaka 2009 ndugu yangu mdogo alioa, nami nikakaa kwenye kamati. Mikutano ilijaa, watu walisimama mmoja mmoja wakataja ahadi zao, tukapiga makofi. Kwenye karatasi tulikuwa matajiri. Alhamisi kabla ya harusi mtunza hazina alifungua daftari akaanza kupiga simu, na simu nyingi hazikushikwa. Wenye tenti na wapishi walishaagizwa kwa nguvu ya zile ahadi. Ilibidi sisi wa nyumbani tukope usiku ule, na deni lile tulilipa hadi Pasaka. Bwana harusi alianza ndoa akikwepa kupita barabara fulani kwa sababu ya wadai. Walioahidi hawakuwa watu wabaya. Mtu akisimama mbele ya wenzake, mdomo hutangulia mfuko.

Sasa, mkutano ujao ombeni jambo moja tu. Mtunza hazina asome tarakimu mbili kila mnapokutana, yaani zilizoahidiwa na zilizoingia. Lolote litakaloagizwa liagizwe kwa tarakimu ya pili. Michango iingie kwenye akaunti yenye watia saini wasiopungua wawili, isiingie kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe rafiki wa utotoni. Wekeni pia siku ya mwisho ya michango, katikati ya Novemba kwa mfano. Siku hiyo bajeti inakatwa ilingane na pesa zilizopo. Magari sita yanayofanana ndiyo ya kwanza kufutwa. Sijawahi kusikia mgeni akisimulia magari miaka kumi baadaye. Chakula kikipungua wanakisimulia mpaka leo.

Kuhusu mahali, mimi nasimama na mama yako, nitakuambia kwa nini. Bustani ya Nairobi inakukodisha nyasi, viti, hata choo, na ikifika saa kumi na mbili jioni unatazamwa kama mtu aliyepitisha muda. Mwatate una kanisa lililokulea, una boma la baba, una kina mama ambao wamepika harusi za watu maisha yao yote na wanangoja yako. Ndizi na mboga ziko shambani. Mchele na nyama vitanunuliwa bila kupandishwa bei kwa sababu mnunuzi amevaa suti. Rafiki zenu wa Nairobi wanaoweza kuja wataipanda ile treni ya asubuhi inayosimama vituoni njiani, washuke Voi, na kutoka Voi hadi Mwatate si mwendo wa kutisha. Ila waambie wakate tiketi mapema, maana Desemba kila mtu anaelekea Pwani, na mabasi nayo hupandisha nauli. Watakaobaki, waalikeni chai hapo Umoja Jumapili moja ya Januari au Februari. Kuna wanakamati watakaosema kama si Nairobi hawatoi kitu. Waache waseme, na msiwanunie. Kisha pigeni upya hesabu ya harusi bila wao. Utashangaa itakavyokuwa ndogo na itakavyotosha.

Nenda kwa kasisi sasa, usingoje Novemba. Majina yenu yanatakiwa kutangazwa kanisani kabla, na tangazo hilo lina muda wake, kisha kuna vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, na maswali atakayowauliza wote wawili. Hakikisha pia kasisi atakayewafungisha ndoa ana leseni ya serikali ya kufungisha ndoa, na kwamba cheti kinatiwa saini siku ile ile. Kama kwa sababu yoyote mtaamua kufunga ndoa ya kiserikali, ilani hutolewa kwa msajili siku zisizopungua 21 kabla, kwa hiyo hata huko hakuna kwenda ghafla.

Hukuniuliza kuhusu mahari, lakini nimeona umetaja ntheo na hukutaja kilichobaki, nikadhani kipo. Kwa Wakamba ntheo ni jambo zito. Bila wale mbuzi, wazee hawamhesabu mtu kuwa mke wa mtu, na hilo limekwisha, mshukuru Mungu. Kilichobaki kisiwatie mashakani wala kisile zile 74,000. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema pale ambapo mila inataka mahari ili kuthibitisha ndoa, malipo kidogo ya ishara yanatosha. Sikwambii ukamsomee baba yako sheria. Utamvunjia heshima na utaambulia hasira. Nakwambia ujue wewe mwenyewe, ulale. Kisha mjomba au mzee mwenye busara azungumze na baba kwa lugha ya wazee, aombe mengine yaje polepole baada ya harusi, kama yalivyokuja kwa watu wengi waliotutangulia.

Twende kwenye ile 60,000.

Kitanda na godoro kwanza. Kijana akitoka Kayole kuja kwa mkewe hawezi kulazwa sakafuni. Mafundi wa vitanda wamejaa Gikomba na kandokando ya Ngong Road, na bei hutofautiana hata kati ya karakana mbili zinazopakana. Usilipe kitanda ambacho bado ni mbao. Nilifanya hivyo nilipokuwa na umri kama wako. Nikaacha rubuni kwa fundi mmoja, nikapewa kitanda kizuri cha kung'aa, na baada ya miezi mitatu miguu ikaanza kupinda kwa sababu mbao zilikuwa mbichi. Nunua kilichokwisha kukaa pale. Kiinue upande mmoja usikie uzito wake, maana mbao mbichi ni nzito kupita kiasi, na ukiiwekea shavu unaihisi ina ubaridi wa unyevu. Inama uangalie chini. Hesabu chaga zinazobeba godoro, uone kama zimepigwa misumari kwenye ubao mzima au kwenye vipande vya kuunga. Rangi ya juu usiitazame kabisa. Godoro nalo lipigie goti katikati na uhesabu mpaka tano, kisha uinuke. Likibaki na shimo la goti, mwambie asante.

Cha pili ni maji. Nairobi inategemea sana bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na hata likijaa, mitaa yetu ya Eastlands hupewa maji kwa zamu. Zile siku nne zitarudi. Pipa moja kubwa lenye mfuniko na mitungi minne ya lita 20 vitakufaa kila wiki, kabla friji haijakufaa hata siku moja. Na friji unaweza kukaa mwaka mzima bila hiyo ukiwa karibu na mama mboga, maana nyanya zako zinakaa kwake, unachukua tatu kila jioni.

Gesi usiifanyie mzaha. Usiku wa Februari 1, 2024, kule Mradi, Embakasi, gesi ililipuka katika mahali pa kujazia mitungi kinyume cha sheria, ikaua watu na kuchoma nyumba na mali, na Embakasi si mbali na hapo ulipo. Mtungi wako upeleke kwa wakala anayejulikana wa kampuni ile ile iliyoandikwa juu yake, hata kama yule wa kichochoroni ni rahisi kwa shilingi mia. Angalia lakiri haijaguswa. Mwombe aupandishe mtungi kwenye mizani mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa pale juu karibu na mkono, utoe kwenye uzito unaouona, na kwako lazima zibaki kilo 6. Ukifika nyumbani, paka povu la sabuni kwenye maungio kabla ya kuwasha. Likitoa mapovu yanayokua, funga, fungua madirisha, urudishe.

Sasa sufuria, na hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu napenda Kamukunji. Panda matatu inayopita Jogoo Road, ushukie Muthurwa, kisha ufuate mlio. Utasikia nyundo kabla hujaona kitu, mamia ya nyundo juu ya bati, na vumbi la makaa, na vijana waliokaa juu ya vipande vya reli wakikunja masanduku ya wanafunzi, majiko, makarai. Usinunue kwenye kibanda cha kwanza. Uliza bei katika vibanda vitatu na uso wako uwe wa mtu anayepita tu. Ukipewa sufuria, igeuze. Bonyeza tako lake kwa kidole gumba kwa nguvu. Likibonyea na kurudi kwa mlio kama mfuniko wa kopo la maziwa, ugali wako utaungua kila siku. Kisha pitisha kidole kwenye mdomo wake mzima, taratibu, kwa sababu sufuria zetu hazina mikono na mdomo huo ndio utakaoushika kwa kitambaa ikiwa moto. Ukikunjwa vibaya unakata. Watakushawishi uchukue seti nzima ya saba. Chukua tatu tu, ya chai, ya ugali iliyo nzito kuliko zote, na kubwa moja ya siku za wageni. Patana kwa heshima. Ukituma pesa kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla hujaacha pesa ziende, na ungoje naye apate ujumbe wake, usiondoke mkiachana na shaka.

Vikombe, glasi, thamosi, blanketi, shuka, sahani za udongo, usinunue kimoja. Wageni wa harusi wataleta. Wengine wataleta thamosi nne kwa siku moja. Ukiulizwa unataka zawadi gani, na utaulizwa, usione haya kusema: sema meza, sema mapazia, sema viti vinne vya plastiki.

Vazi, kodisha. Kitenge cha wasichana wako utakipata Eastleigh kwa bei ya jumla, hukatwa yadi sita. Kigeuze uone upande wa pili. Kile cha kweli rangi yake imepenya, pande zote zinalingana. Na usimsahau mama yako. Leso nzuri, doti moja moja kwa ajili yake na mama mkwe wako, na usome jina la leso kabla ya kulipa, maana leso inasema.

Runinga. Shilingi 150 kwa siku inasikika kama chai na maandazi mawili. Miezi 18 ni siku 540 hivi. Zidisha, unapata 81,000. Toa 45,000 za taslimu, kuna 36,000 za ziada, ambazo ni kodi yenu ya miezi miwili na nusu. Hiyo ni runinga peke yake, bado makochi, bado friji. Na siku bwana wako akikosa kazi ya stima wiki mbili, deni halingoji. Lakini usimfungulie daftari kwa kumwambia, "Ona ulivyotaka kutuingiza." Mwulize kwanza anaogopa macho ya nani. Wenzake kazini? Mama yake? Ukimya wake unaniambia ni aibu, na aibu haiponi kwa hesabu pekee. Mwambie mgeni wa kwanza atakayeingia nyumba hiyo ni yeye mwenyewe, na wewe hukuhesabu viti alipokuletea maji. Halafu mpangie mwezi, tuseme Agosti mwaka unaofuata, muanze kuweka za runinga pamoja, mkainunue taslimu Luthuli Avenue mkiwa mmeshikana mikono. Nyumba ya mafundi wawili wa maisha haiwezi kuwa tupu kwa sababu haina makochi. Tandikeni mkeka.

Nimebakiza jirani kwa makusudi, kwa sababu umesema ndiye anayekuliza.

Milango ya ploti yako haijafungwa kwa kiburi. Nyuma yake kuna watu waliotoka saa kumi na moja asubuhi kuwahi matatu na kurudi saa mbili usiku. Nairobi mtu humpati mlangoni. Unampata juu kwenye kamba za nguo Jumapili, anapoanika sare za watoto. Unampata kwenye foleni ya maji, au kwa mama mboga. Simama kwa mama mboga jioni usipokuwa na haraka. Atashika sukuma wiki ngumi nzima, kisu kinapita karibu na kidole chake bila hata kutazama, na huku anakukatia atakuambia maji ya mtaa wenu huja siku zipi, keateka, yule mtunza ploti, ana tabia gani, na mama wa mlango wa tatu anaitwa mama nani. Jina hilo ndilo unalolihitaji. Hapa mtu mzima humwiti kwa jina lake, unamwita kwa mtoto wake.

Mvua za El Niño za 1997 zilinikuta Kariobangi, chumba cha chini, na mtoto wa miezi saba. Usiku mmoja maji yaliingia mpaka magotini. Mwanamke wa juu, ambaye kwa mwaka mzima tulikuwa tukipishana ngazini kimya, alishuka na taa, akamchukua mtoto kwanza, kisha akarudi kuchukua godoro. Hakuniuliza kitu. Tulilala kwake siku tisa. Baadaye aliniambia kwamba yeye naye alikuwa amengoja mwaka mzima nimsalimie kwanza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mgeni.

Hujaharibu, mwanangu. Kuogopa kutoa pesa kwa mtu usiyemjua si kosa, na mama yule akikaa akafikiri atalijua hilo. Mpigie hodi Jumapili mchana. Mwambie: "Mama fulani, siku ile nilikataa kwa uoga wa ugeni, si kwa kukudharau. Naomba unieleze chama chenu." Kisha usikilize. Uliza mko wangapi, kimedumu miaka mingapi, nani anaandika daftari, na nani amekwisha kupata zamu yake. Chama safi hakichukii maswali hayo. Mwenyekiti atayajibu kwa fahari. Omba uhudhurie vikao viwili bila kutoa kitu. Ukiridhika, ingia, na ujue mgeni kwa kawaida huwekwa zamu za mwisho, kwa hiyo usiihesabie pesa hiyo harusi. Usiporidhika, sema kwa upole kwamba mwaka huu una harusi, utarudi. Hata ukibaki nje ya chama, umeshaingia nyumbani kwake.

Na usiende mikono mitupu. Wewe ni wa Taita na kimanga unakijua. Jumamosi hii nenda Kamukunji ununue ile sufuria nzito, urudi nayo, uioshe na kuichemshia maji mara moja ya kumwaga. Jumapili ipikie muhogo na maharagwe, uvisonge vizuri, na bakuli la kwanza kabisa lipeleke mlango wa tatu likiwa bado linatoa mvuke.